Nafunga Yeye, Naenda

Ukisema Isiolo kwamba unasomea udaktari, watu wanakuletea magoti. Gaceri alilijua hilo vizuri. Tangu habari zilipovuja kwenye stafurumu ya walimu kwamba mwalimu wa kitengo maalum anasoma PhD Nairobi, hakupita sokoni bila mtu kumvuta kando, "Daktari, hebu niangalie hapa," na suruali inapandishwa papo hapo mbele za watu. Mwenda, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa akiwatuma. Aliwaambia watu Gaceri ni daktari wa mifupa, kisha anakaa dirishani akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mimi si wa magoti. Mimi ni wa watoto wenye usonji," Gaceri angejitetea.

"Usonji ndio nini, daktari? Iko na dawa?"

Hapo alikwama kila mara. Neno lilikuwa la Kiswahili safi, limepigwa pasi na kukunjwa, lakini mjini hakuna aliyelivaa. Huyu alisema mtoto ana jini, yule alisema ni laana ya upande wa baba, na karani wa ofisi alisema "mtoto spesho" na kufunga faili. Gaceri angeeleza pale pale, jua likimpiga utosini, kwamba ni watoto ambao akili yao hupokea dunia kwa namna nyingine. Wapo wasiosema, wapo wasiovumilia kelele, wapo wanaokimbia. Mwenye goti angesikiliza kwa adabu, ashushe suruali, aende zake.

Lakini hakuyaanza masomo yale kwa ajili ya neno. Aliyaanza kwa ajili ya Mutea.

Mutea alikuwa kaka yake, wa kwanza kwa mama yao. Baba yao, M'Ikiara, alikuwa mkulima wa miraa huko juu milimani, na siku za kuchuma nyumba nzima ilikaa bandani kupanga vijiti, kuvifunika kwa majani ya mgomba na kuvifunga kwa kamba za mgomba. Gaceri alifundishwa fundo la baba yake hata kabla hajaanza shule. Lilikuwa fundo la ajabu: linashika mzigo hadi uteremke Isiolo na uendelee mbele, na bado halikati ule ulaini wa kijiti. M'Ikiara alijivunia fundo lile kuliko alivyojivunia shamba.

Mutea hakusema. Aliimba wimbo wake puani, alizungusha vifuniko vya sufuria, na akisikia lori alitoka mbio kuelekea barabarani bila kuangalia nyuma. Siku moja lori lilimkosa kwa upana wa kiganja. M'Ikiara akachukua kamba ileile ya mgomba, akamfunga mguu kwenye nguzo ya banda, kwa fundo lilelile. Si kwamba alikuwa mtu katili. Alilia siku hiyo, mbele ya wanawe, na mwanamume wa rika lake kulia mbele ya watoto si jambo dogo. Lakini kesho yake alimfunga tena, na keshokutwa, mpaka Mutea akaota ndevu palepale kwenye nguzo. Akafia hapo, kwa kifua, msimu wa mvua, Gaceri akiwa chuo cha ualimu. Alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Alienda bandani peke yake akaishika ile nguzo. Kamba ilikuwa imekwangua mti mpaka ukawa na mfereji.

Akaapa. Akasema, mimi nikiwa hai, hakuna mtoto atafungwa tena karibu nami.

Na kweli alijitahidi, tusimnyime haki yake. Miaka yote ya ualimu alizunguka ploti za kupanga za mtaa wa Bulla Pesa akitafuta watoto waliofichwa. Aliwakuta wamefungwa kwenye miguu ya vitanda, kwenye vitasa, kwenye magunia ya makaa. Alifungua, alifokea wazazi, alilia nao, akawapeleka watoto kwenye kitengo chake. Alijua alama ya kamba kama unavyojua mwandiko wa mamako. Jicho lake lilizoea, na sikio nalo likazoea, na hiyo ndiyo iliyomponza. Sikio lililozoea linajibu kabla mtu hajamaliza kusema.

Tasnifu yake ilihusu namna kina mama wa Isiolo wanavyoishi na watoto wenye usonji. Alikuwa akiwahoji mmoja mmoja, anarekodi kwa simu, anatafsiri maneno yao kwa Kiingereza, anamtumia msimamizi wake, Profesa Wanja, kule Nairobi. Ndivyo alivyofika kwa Sabdio.

Sabdio alikuwa muuzaji wa maziwa ya ngamia. Maziwa yalimfikia alfajiri kutoka malishoni, anayachemsha, anayabeba hadi soko la maziwa, anauza mpaka yaishe. Mumewe, Wario, alikuwa na ngamia upande wa Kinna, na alionekana mjini mvua ikinyesha. Mvua zenyewe unazijua siku hizi. Walikuwa na binti mmoja, Hamdia, wa miaka saba, mrefu, miguu kama ya swala, macho yanayoangalia juu ya bega lako. Hakusema neno. Aliguna wimbo mmoja kutwa nzima, na mlango ukiachwa wazi kidogo tu, ameenda.

"Salaam aleikum, Mama Hamdia," Gaceri alibisha Jumapili moja alasiri.

"Aleikum salaam, mwalimu. Karibu, karibu. Kaa hapa, hii stuli nyingine imevunjika mguu."

Akamimina chai ya maziwa, nzito, ina ule moshi wa kibuyu. Gaceri akaweka simu juu ya mtungi uliopinduliwa, akaeleza kwamba atakayoyasikia ni siri, jina halitaandikwa. Sabdio alicheka. Jina lake lilikuwa linajulikana soko zima, nani alitaka kulificha? Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, kifupi, kinachokwenda moja kwa moja kwenye bei. Walizungumza juu ya kuzaliwa kwa Hamdia, juu ya homa, juu ya masheikh na hospitali. Hamdia alikuwa chini akizungusha kifuniko cha mtungi, na gauni lilipopanda Gaceri akaona alama: mistari ya wekundu nyuma ya mapaja, na mwingine chini ya kwapa. Akaweka kikombe chini.

"Ukienda sokoni," aliuliza polepole, "Hamdia unamwacha na nani?"

"Siachi na mtu. Nani atakaa na yeye? Nafunga yeye, naenda."

"Unamfunga na nini?"

"Leso. Leso mbili, moja ikikatika iko nyingine."

"Kutwa nzima?"

"Mpaka maziwa iishe."

"Na halii?"

"Zamani alilia. Sasa amezoea, hata analala." Na Sabdio akacheka tena, akamvuta binti yake nywele kwa mzaha.

Kicheko kile kilimkata Gaceri maini. Aliona nguzo. Aliona mfereji kwenye mti. Aliuliza mengine yaliyobaki kwa sauti isiyo yake, akaaga, akatoka. Neno moja tu, "wapi," lingetosha. Miaka yote ile ya kusoma namna ya kuuliza maswali, na "wapi" ikakosekana.

Usiku ule ule alitafsiri. Kiingereza hakina subira na neno kama lile; kinataka ujue ni kufunga kupi. Gaceri akachagua kufunga kwa kamba, kufunga kwa mnyama, akatuma.

Profesa Wanja alimpigia. Alikuwa mwanamke wa haki, mkali kidogo, mwenye sauti ya kanisani. "Gaceri, umesoma ulichoandika? Mtoto anafungwa kutwa nzima. Umeripoti?"

"Bado, Profesa. Nilimwahidi siri."

"Siri haifuniki mtoto aliye hatarini. Sheria ya utafiti unaijua. Ukinyamaza, kazi yako yote itatupwa, na wakiitupa mimi sitakutetea."

Gaceri alipenda baadaye kujiambia kwamba alisukumwa. Si kweli. Hakuhitaji kusukumwa hata kidogo. Alikuwa ameshasimama mlangoni. Asubuhi alikwenda kwa afisa wa watoto, bwana mmoja mpole aitwaye Ekiru, akaeleza kila kitu, hata alama za mapajani.

Walikwenda alfajiri, kabla ya soko, Ekiru, askari mwanamke na Gaceri. Gaceri alikuwa amesisitiza aende. Alidhani mtoto ataogopa kidogo akiona uso anaoujua. Sabdio alikuwa anachemsha maziwa. Alipomwona akatabasamu.

"Aa, mwalimu, umeleta wageni! Ngojeni niweke sukari."

"Mama," Ekiru alisema, "tuna swali tu. Ni kweli unamfunga huyu mtoto?"

"Ndio. Kila siku."

"Kila siku?"

"Sasa nitafanya aje? Nisipofunga yeye atapotea. Atakufa kwa barabara."

Ekiru akamwangalia Gaceri. Gaceri akaangalia chini. Lo, kama angeinua macho! Ukutani, juu ya kitanda, leso mbili zilikuwa zimetundikwa zimekunjwa vizuri, zimefuliwa, za kumbebea mtoto mkubwa siku nzima. Lakini aliangalia chini, na askari akamwinua Hamdia kutoka kitandani akiwa bado na usingizi.

Sabdio hakuelewa mpaka mlango wa gari ulipofunguliwa. Hakumrukia askari, wala hakumtukana Ekiru. Alimgeukia mtu mmoja tu aliyedhani ni wake.

"Mwalimu! Waambie! Wewe unajua! Wewe nilikuambia yote!"

Maziwa yalifurika jikoni, yakazima moto, harufu ya kuungua ikajaa ploti nzima. Gaceri akajiambia, ndiyo, najua. Gari likaondoka.

Hamdia alipelekwa kwenye makao ya watoto, mji mwingine, huko kwenye baridi. Sabdio alikatazwa kumwona mpaka kesi isikilizwe, na kesi za namna hiyo hutembea kama ng'ombe mgonjwa. Gaceri aliandika sura yake ya nne. Ilikuwa sura nzuri, Profesa alisema, ina uzito.

Wiki kadhaa baadaye alipita soko la maziwa kununua ya chai. Akasimama mbele ya mama mmoja mnene mwenye mitungi ya njano. Yule mama akafunika mtungi.

"Maziwa hakuna."

"Si haya naona?"

"Hayo ni ya watu." Akamkazia macho. "Wewe ndiye uliambia serikali Sabdio anafunga mtoto?"

Gaceri alijikaza. Alikuwa ameshazoea kufokewa na watu kwa sababu ya haki. "Mama, mtoto hafai kufungwa. Hata kama ni shida namna gani."

"Hafai?" Wauzaji wengine sasa walikuwa wamegeuka. "Sasa wewe uliletwa na nani shuleni? Ulitembea mwenyewe? Mamako hakukufunga? Sisi sote hapa tuliona Sabdio akifunga yeye. Kila siku! Mtoto mkubwa namna hii, miguu inagonga magoti ya mama, tukamcheka, Sabdio, utambeba mpaka siku ya harusi? Ndiye wa kwanza kufika hapa na ndiye wa mwisho kutoka, na yule mtoto hapa" — akajipiga mgongoni kwa kiganja, pa! — "hapa, masikio kwa mgongo, anaimba ile nyimbo yake."

"Mgongoni," Gaceri alisema.

"Ulidhani wapi?"

Ulidhani wapi! Kufunga. Unafunga mlango, unafunga Ramadhani, unafunga ndoa, unafunga bao, unamfunga mwizi jela, unafunga mbuzi kwenye mti. Na unafunga mtoto mgongoni. Kila mwanamke wa nchi hii amewahi kusema, ngoja nifunge mtoto twende. Mama mwenye Kiswahili kingi angeongeza "mgongoni," lakini Sabdio alikuwa na Kiswahili cha bei, hakupoteza neno kwa jambo ambalo hata kipofu angelijua. Alama nyuma ya mapaja na chini ya kwapa, jamani! Kamba ya kitandani inaacha alama kwenye kifundo cha mguu. Gaceri alijua hilo kuliko mtu yeyote Isiolo. Aliona leso imeandika palepale ambapo leso huandika, na akasoma kamba.

Alikaa chini pale sokoni, kwenye matope ya maziwa, na sketi yake ya kazi. Hakuna aliyemwinua.

Alipiga mbio sasa. Alimwendea Ekiru, na Ekiru, masikini, akashika kichwa. "Lakini mama mwenyewe alikubali mbele yangu." Amri ilikuwa imeshatolewa, na amri haigeuzwi kwa sababu mtu amesikia vibaya, lazima irudi ilikopita, kiti kwa kiti, muhuri kwa muhuri. Alimpigia Profesa, akilia.

"Hilo ni kosa la tafsiri," Profesa alisema. "Limeniuma pia. Liandike kwenye sura ya mbinu, Gaceri. Watahini wanapenda unyoofu."

Aliliandika. Lilichukua aya moja.

Kwa Sabdio alikwenda jioni ileile na kumwambia yote, amepiga magoti sakafuni. Alitarajia kofi, na kusema kweli alilitamani. Sabdio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu, "Sasa atarudi lini?" Hakumtukana siku hiyo wala siku nyingine. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Ruhusa ilipotoka, miezi ilikuwa imepita. Walikwenda pamoja kumchukua. Sabdio alikuwa amefua zile leso mbili na kuzipulizia udi, akazishika mapajani njia nzima. Mlezi wa makao alikuwa mtu mwema, mchangamfu, aliyejivunia kazi yake.

"Sisi hapa hatufungi watoto, mama," alisema, bila kujua alichokuwa anasema. "Huyu alikuwa anakimbia sana, kwa hivyo tunamweka kwenye kiti cha tiba."

Kilikuwa kiti kizuri, cha mbao, kina meza mbele na mikanda miwili ya kitambaa, mmoja wa kifua na mmoja wa mapaja. Gaceri alikijua. Kilikuwa kwenye vitabu vyake, kwenye sura ya vifaa. Hamdia alikuwa ndani yake. Alikuwa amekonda, amenyolewa, na ule wimbo wake haukuwepo.

Sabdio hakulia. Alifungua mikanda, akachuchumaa mbele ya mtoto, akampa mgongo kama alivyompa kila alfajiri ya maisha yake, akakunjua leso juu ya bega.

Hamdia aliona kitambaa. Akapiga ukelele ambao Gaceri hajawahi kuusikia kwa mtoto yeyote, na amewasikia wengi. Akakakamaa mwili mzima, akamuuma mamake begani mpaka damu ikatoka kwenye buibui. Sabdio akamwimbia. Akajaribu leso nyingine. Akajaribu bila leso, mikono tu. Kila alipoinama na kumpa mgongo, mtoto aliuona mgongo ule kama kile kiti. Ikawa hivyo. Walirudi Isiolo wamemshika mikono, mmoja huku, mwingine kule.

Hakuzoea tena. Gaceri alisema atazoea, alisema ni suala la muda, alileta picha, alileta utaratibu wa hatua kwa hatua aliojifunza. Alijaribu hata kumwanzisha kwenye kitengo chake shuleni, lakini maziwa yanafika alfajiri na shule inafunguliwa jua likiwa juu, na ua wa shule una matundu, na mara ya pili Hamdia alipokutwa kwenye barabara kuu mwalimu mkuu akasema samahani, hawezi kubeba lawama ile. Kwenye vitabu vya wenzetu wa ng'ambo wanauza blanketi nzito, kwamba mtoto wa aina ile akibanwa vizuri anatulia. Sabdio alikuwa akimbana bure, kwa leso, kwa joto la mwili wake, na sauti yake ikimwingia mtoto kupitia mfupa wa mgongo. Gaceri aliusoma ukurasa ule wa blanketi akafunga kitabu, akakitupa chini ya kitanda.

Alitetea tasnifu yake mwezi wa saba. Alipita. Watahini walisifu unyoofu wake. Kwenye stafurumu walimkatia keki, na Mwenda, ambaye hakuwahi kumwita bila mzaha, alisimama akasema "Daktari" kwa heshima kabisa. Gaceri akatafuta kisingizio akatoka.

Kesho yake, Jumamosi alfajiri, alikwenda Bulla Pesa. Hakuenda kuzitangaza habari zake. Alikuwa akienda kila Jumamosi kukaa na mtoto asubuhi, na siku hiyo alikuwa amewahi. Alimkuta Sabdio mlangoni, mtungi mkononi, buibui tayari. Ndani, Hamdia alikuwa sakafuni, mguu wake mmoja umefungwa kwenye mguu wa kitanda.

Kwa kamba ya mgomba. Inaokotwa bure stendi ya miraa, mirundo na mirundo. Wakishafungua mizigo inayoteremka kutoka milimani, wanaitupa.

"Tangu lini?" Gaceri aliuliza.

"Tangu Jumatatu. Leso anaogopa, kwa mkono anaponyoka. Hii haiogopi." Sabdio hakuangalia pembeni wala hakuona haya. Alisema kwa ile sauti yake fupi ya bei, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. "Sasa nafunga yeye, naenda."

Kisha akasema, kwa upole, na upole ule ndio Gaceri hakuuweza: "Utaenda kusema kwao, mwalimu?"

"Hapana."

"Basi fungua, kama uko naye. Mimi maziwa yataharibika." Akaondoka.

Gaceri alipiga magoti akafungua. Fundo lilikuwa baya, la mtu asiyejua kamba ile. Limebana, limeuma kifundo mpaka pamevimba. Akamsugua mguu. Akamwimbia wimbo wake wenyewe, ule wa puani, ili aukumbuke. Hamdia alikaa kimya, akiangalia juu ya bega la Gaceri, mlangoni. Jua lilipanda. Gaceri alimshika, akamwachia kidogo, akamshika tena. Aliumwa mkono, alikwaruzwa shingo, jasho likamtoka. Saa nne simu ililia. Alikuwa Profesa, anataka kumpongeza. Gaceri aligeuza shingo tu kuangalia jina.

Alipogeuka tena, mtoto hayupo. Alimkuta kwenye ukingo wa lami. Lori lilipiga honi ndefu, upepo wake ukawapiga usoni wote wawili, na Gaceri alikuwa ameshika gauni tu, si mtoto, gauni. Dereva alitukana na kwenda zake. Waendesha boda waliokuwa ng'ambo walisimama wakitazama. Gaceri alimrudisha akiwa amembeba kifuani, mtoto anapiga mateke.

Ndani alifunga mlango kwa komeo. Komeo lilikuwa bovu. Alimkalisha Hamdia chini, akamshika kwa goti, akanyoosha mkono akaokota ile kamba ya mgomba. Aliiloweka kidogo kwenye maji ya kikombe, ili ilainike, kama walivyofanya bandani. Akaizungusha mguuni, akaipitisha kwenye mguu wa kitanda, akaikaza. Vidole havikumuuliza kitu. Mtoto hakulia. Gaceri akakaa kando yake, mgongo ukutani, na ndipo akalia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Sabdio alirudi adhuhuri. Aliweka mtungi chini, akawaangalia wote wawili, akainama kutazama mguu wa binti yake. Akapitisha kidole kati ya kamba na ngozi, kidole kikapita. Akavuta, kamba haikulegea.

"Hii ni nzuri," alisema. "Inashika na haiumi. Nani alikufundisha?"

"Baba," Gaceri alisema.

"Nifundishe," alisema Sabdio, akakaa chini karibu naye.